Bustani ya Jeevanjee, Nairobi, na Uwanja Wetu



Mwezi wa Shaaban uliopita tulisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi, tukifuatana na dada yetu mkubwa aliyekuwa na haja ya kutazamwa macho. Shughuli hiyo ilikwisha kabla ya adhuhuri, na treni ya kurudi ilikuwa ya usiku. Tuliswali katika Msikiti wa Jamia, kisha tukamngoja dada yetu nje. Alitoka akijifunika uso kwa ncha ya mtandio, maana dawa aliyotiwa machoni ilimfanya asiweze kulikabili jua. Akatuambia, "Mdogo wangu, nitafutie kivuli nikae. Hotelini sitaki, nikiingia itanibidi ninunue chai nisiyoitamani." Mwenye kuujua mji ule ajua uzito wa ombi hilo, kwani katikati ya Nairobi kila kiti kina bei yake.

Tuliifuata barabara ya Muindi Mbingu, tukalipita soko la City Market, na mbele kidogo tukaingia katika Bustani ya Jeevanjee. Ni kipande cha ardhi kiasi cha eka tano, kimezungukwa na maghorofa na kelele za magari, nacho ndani kina miti mikubwa, vijia na mabenchi. Tulimkalisha dada yetu chini ya mti. Kulia kwetu kundi la wanaume lilikuwa limesimama duara likijadili mambo ya serikali kwa sauti ya juu, wala hapana aliyekuwa akimsikiliza mwenziwe. Mbele yetu kijana amelala chali, bahasha yenye karatasi zake za kuombea kazi imewekwa kifuani. Hapana aliyetuuliza tumefuata nini.

Aliyeitoa bustani hii ni Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa jamaa ya Mabohora, mzaliwa wa Karachi, ambaye alipata mali yake katika kuwaleta wafanyakazi na kuwapatia mahitaji yao wakati ilipojengwa reli ya Uganda. Reli hiyo ilianzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899, na miaka michache baadaye, ambapo Nairobi ilikuwa bado ni mji wa mabati na matope, yeye akatenga ardhi hii iwe mahali pa watu kupumzika. Mwaka 1906 ilisimamishwa humo sanamu ya Malkia Victoria, akaifunua Mtawala wa Connaught, mwana wa malkia huyo. Ajabu ni kuwa Jeevanjee huyohuyo alishika baadaye kazi ya kuipinga serikali ya ufalme ule kwa kuwanyima Wahindi haki ya kumiliki mashamba ya nyanda za juu. Sanamu iliharibiwa mwaka 2015. Juu ya masanamu sisi hatuna la kuongeza, na madrasa yetu inajua sababu.

Jeevanjee alifariki mwaka 1936. Zawadi yake ikabaki, lakini haikubaki kwa kuwa imeandikwa katika daftari. Mwaka 1991 palitoka shauri la kujenga hapo jengo la ghorofa nyingi la kuegeshea magari, pamoja na maduka. Wakati huo mji wa Nairobi ulikuwa chini ya tume iliyowekwa na serikali tangu mwaka 1983, hata mkaazi hakuwa na diwani aliyemchagua wa kumpelekea lalamiko lake, na nchi ilikuwa ya chama kimoja. Mwenye kusema alijua anasema mbele ya nani. Hata hivyo Bibi Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama, na Profesa Wangari Maathai, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amelipinga jengo la ghorofa sitini katika Uhuru Park, naye akasimama, na watu wa mjini pamoja nao. Shauri likaachwa. Mwaka 2007 maneno ya kuijenga bustani yakazuka mara ya pili, yakapingwa mara ya pili, yakaondolewa.

Tulimsimulia dada yetu habari hizi huku bwana mmoja akisugua viatu vyetu. Bwana yule akainua kichwa akasema, "Ustadhi, hao waliotaka kujenga magari hukaa ofisini kwenye feni. Hapa hukaa asiye na pengine pa kukaa. Ndiyo maana lazima tukae sana." Dada yetu akacheka, kisha akanyamaza, kisha akatuuliza neno lililotuchoma: "Na uwanja wetu sisi, ni nani anayekaa?"

Hapana budi tueleze. Mtaani petu Mombasa pana uwanja mdogo wenye mwarobaini mmoja na bomba la maji, ambapo watoto wa madrasa yetu walikuwa wakicheza kati ya alasiri na magharibi. Ulizungushiwa uzio, tukaambiwa ni kwa ajili ya kuutunza, tukashukuru. Baadaye lango likatiwa kufuli, bomba likakauka, na majani yakawa marefu hata watu wakaanza kutupa takataka kwa juu ya uzio. Watoto wakahamia barabarani. Mmoja wao, mwenye miaka tisa, aligongwa na pikipiki akavunjika paja, akakaa wiki saba bila ya kusoma. Nasi wazee tulifanya nini? Tulikaa barazani kila jioni tukilaumu, na kahawa ilikuwa nzuri. Hata barua moja hatukuandika.

Tuliporudi tuliandika. Tulitaka mambo matatu tu: lango lifunguliwe tangu alasiri hadi magharibi, maji yarudishwe, majani yakatwe kila mwezi, na sisi wenyewe tukajitolea kufagia. Tulidhani sahihi zitakuwa za wanaume wa msikitini, lakini dada yetu, ambaye jicho moja lilikuwa bado limefungwa bandeji, alizunguka nyumba kwa nyumba na wajukuu zake, akarejea na majina mia moja na kumi na mbili, mengi ya akina mama. Mama wa yule mtoto aliyevunjika alitia dole gumba. Fundi mmoja alikataa, akisema barua huleta uadui, na hatumlaumu, kwani yeye hutegemea kazi za ofisi ileile.

Mara ya kwanza tulipokwenda tuliambiwa mhusika hayupo. Mara ya pili barua ilikuwa haionekani, tukatoa nakala. Mara ya tatu tulikwenda watu kumi na sita, tukakaa kwenye ngazi kwa kuwa mabenchi hayakutosha, na mhusika akapatikana.

Majani yamekatwa. Bomba latoa maji, ingawa kwa unyonge. Lango hufunguliwa, lakini saa kumi na mbili kasorobo mlinzi hulifunga ili awahi gari lake, na hapo ndipo watoto huwa wamekwisha kugawana timu. Tumemwomba atuachie ufunguo mmoja, akajibu kuwa ruhusa si yake. Basi Jumatatu tunarudi kwenye ngazi zile, na dada yetu ametuambia safari hii atachukua mkeka.