Tuliuza maharage tukanunua vidonge

Mwezi huu tunaomba tuwasimulie jambo la nyumbani. Limetuaibisha kidogo, lakini tunajua hatuko peke yetu.

Mama yetu alipelekwa hospitali nje ya kambi kwa ajili ya presha, wakampima na damu. Wakasema kolesteroli iko juu. Sisi tulishangaa sana. Mama si mnene, nyama anakula sikukuu tu, sasa hayo mafuta yametoka wapi? Tulidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Kumbe ini lenyewe ndilo linatengeneza sehemu kubwa ya kolesteroli, na kuna koo zinazorithishana. Tena haiumi. Unakaa nayo miaka mpaka siku mshipa wa moyo au wa kichwa unaziba.

Akapewa vidonge vya kumeza kila usiku. Baada ya wiki chache akaanza kusema, "Wanangu, hivi vidonge vinanikata miguu." Akaacha. Hakurudi kwa daktari kuuliza, na sisi, tuseme ukweli, hatukumsukuma.

Pale sokoni kulikuwa na kaka mmoja anauza vidonge vya kitunguu saumu, eti dawa ya asili, haina madhara. Mama akatuletea chupa tumsomee, maana sisi ndio walimu wa kujitolea na sekondari tumemaliza. Tukasoma: inasaidia moyo. Tukamwambia, "Mama, ni nzuri." Basi akaamini.

Na pesa? Tuliuza maharage ya mgao. Nusu ya maharage ya mwezi kwa chupa moja! Miezi mitatu hivyo, wadogo zetu wanakula ugali na sombe iliyojaa mawese.

Alipopimwa tena, kolesteroli ilikuwa imepanda. Muuguzi akauliza tunakula nini. Tulipomweleza habari ya maharage alicheka, halafu akanyamaza. Akasema, "Mliuza dawa mkanunua chupa."

Alitufafanulia vizuri. Ini linatumia kolesteroli kutengeneza nyongo, na nyongo inashuka tumboni kusaidia kuyeyusha mafuta. Maharage yana nyuzinyuzi laini ambazo zinashika ile nyongo na kutoka nayo chooni. Ini likiona nyongo imepungua, linachota kolesteroli kwenye damu litengeneze nyingine. Hata uji wa shayiri unafanya hivyo, ila huku kwetu shayiri nani anaiona? Maharage tunayo.

Kuhusu mawese tulibishana naye kidogo, maana ni chakula cha nyumbani kwetu. Mawese hayana kolesteroli ndani yake, yanatoka kwenye mmea, na yale mekundu yana vitamini A. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, na hayo ndiyo yanapandisha kolesteroli mbaya. Hakutukataza. Alisema tupunguze kijiko.

Na vile vidonge? Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya jaribio la siku 28 kwa watu wapata 190. Wengine walipewa kitunguu saumu, wengine mdalasini, manjano, mafuta ya samaki na vingine vya asili, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Kundi moja lilipewa dawa ya hospitali, rosuvastatini, miligramu 5 tu. Hiyo ilishusha kolesteroli mbaya kwa zaidi ya theluthi moja. Vile vya asili havikushinda kidonge kitupu, hata kimoja. Siku 28 ni chache, ndiyo, lakini sisi tulikula chupa tatu.

Kumbe hata miguu ilikuwa na jibu. Maumivu ya misuli yanajulikana kwa dawa hizo, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha aina. Mama amebadilishiwa, sasa anameza. Kitunguu saumu bado anakitumia, anakitwanga kwenye maharage.

Juzi tulirudi kwa yule kaka sokoni. Tulikwenda na hasira. Tukamweleza yote, naye akatusikiliza, akasema mama yake mzazi anameza vidonge hivyo hivyo kutoka meza ile ile. Akauliza kupima damu mtu anaanzia wapi. Tumekubaliana Jumatatu, tukitoka darasani, tutawasindikiza wote wawili.