Nyumba ya Wanafunzi

Katika mji wa Edinburgh, huko Uskoti, iko nyumba kubwa ya mawe yenye minara, jina lake Teviot Row House. Si darasa wala bweni. Mwaka 1886 kulifanywa gulio la kutafuta fedha za kuijenga, na mwaka 1889 ikafunguliwa, wanafunzi wa Chuo Kikuu wapate mahali pa kula, kusoma magazeti na kujadiliana. Katika chuo hicho ndiko alikosoma Mwalimu Nyerere, akapata shahada yake mwaka 1952.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hizo nalisifu mno, maana sisi chuoni tulikutana chini ya mwembe, na mvua ikinyesha mazungumzo yalikwisha.

Msichana mmoja akainua mkono. “Mwalimu, wasichana waliketi upande gani?”

Hawakuketi humo. Wanawake wa kwanza walipata shahada katika chuo hicho mwaka 1893, lakini mlango wa nyumba ile ulibaki wa wanaume miaka mingi baadaye. Nikamjibu hivyo, hakuridhika, wala sikumlaumu. Naliona haya, kwa kuwa chini ya mwembe wetu pia hakuwapo msichana hata mmoja, nami sikuuliza kwa nini.