Lewiston: Mji Ambamo Watoto Huwasemea Mama Zao

Mji wa Lewiston uko katika jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Marekani. Ni mji mdogo, wenye watu wasiofika elfu arobaini, na wakati wa baridi theluji hulala juu ya mapaa kwa miezi. Kando ya mto Androscoggin yamesimama majengo marefu ya matofali mekundu. Zamani yalikuwa viwanda vya nguo, na wafanyakazi wengi walikuwa Wakatoliki wasemao Kifaransa waliokuja kwa gari moshi kutoka Kanada. Viwanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, vijana walihama na nyumba nyingi zikabaki tupu.

Ukipita leo katika mtaa wa Lisbon utakuta maduka ya nyama halali, mchele, sambusa na vitambaa, na akina mama waliojitanda mitandio wakiamkiana kwa sauti. Nilikaa huko majuma matatu kwa ndugu yangu, ambaye ni muuguzi kama mimi. Mimi ni mzaliwa wa Handeni, na sikutegemea kwamba huko mbali, kwenye baridi kali, nitakutana na bibi anayeita maji “mazi” kama tunavyoyaita kwetu.

Walivyofika

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na Wasomali wengi wakakimbilia Kenya. Baadhi walikaa miaka mingi katika kambi za Dadaab kabla ya kupelekwa Marekani. Februari 2001 familia za kwanza zilihamia Lewiston kwa hiari yao, zikitafuta nyumba za bei nafuu na mahali salama pa kulea watoto. Nyingine zikafuata upesi. Oktoba 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kuwaomba wazee wa Kisomali wapunguze kuwaita wenzao. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja mjini kufanya mkutano. Siku hiyo hiyo maelfu ya watu walikusanyika kuonyesha kuwa wako upande wa wageni.

Wenyeji waliwaita wote kwa jina moja, Wasomali. Lakini ndani ya jina hilo wamo watu wenye historia mbalimbali. Miaka michache baada ya wale wa kwanza walikuja Wasomali Wabantu, wakulima wa bonde la mto Juba. Babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pwani na bara letu: Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine. Huko Somalia waliitwa “jareer”, wenye nywele ngumu, na walidharauliwa katika shule, kazi na ndoa. Vita vilipowaka, hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwakinga. Baadhi walirudi Tanzania, wakapokelewa mkoani Tanga na baadaye kupewa uraia. Wengine, zaidi ya elfu kumi na mbili, walikubaliwa na Marekani na kuanza kusafirishwa mwaka 2003.

Fikiri basi, msomaji mpendwa, maana ya kukimbia nusu ya dunia, kisha kumkuta jirani wa ghorofa ya juu ni yule ambaye watu wake waliwadharau watu wako.

Lugha mbili hospitalini

Jambo hili huonekana wazi zaidi hospitalini. Kisomali kilichoanza kuandikwa rasmi mwaka 1972 ni kile cha Maxaa. Wabantu wengi husema Maay, na asiyezoea Maay hawezi kuifuata vizuri. Hospitali ikimwita mkalimani “wa Kisomali”, mama Mbantu huweza kuletewa mtu asiyemwelewa vema, au mtu ambaye hataki kumfunulia siri zake. Basi anaona heri aje na mtoto wake.

Mama mmoja alinieleza yaliyompata. Alikuwa akitokwa damu kwa siku nyingi, akaenda kwa daktari na binti yake wa miaka 11. Daktari aliuliza mambo ya hedhi, ya mimba na ya unyumba. Binti aliinamisha kichwa. Mama naye aliona haya, akamwambia binti aseme kwamba tumbo linamwuma tu. Walirudi nyumbani na dawa za tumbo, na damu ikaendelea. Aliponea mara ya pili, alipoletewa mama mzima asemaye Maay.

“Dada,” aliniambia, “siku ile mwanangu alikuwa mama yangu.”

Tangu mwaka 2016 kanuni za Marekani zinazuia hospitali kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Hilo ni jambo jema. Lakini mtoto haishii kutafsiri hospitalini. Ndiye asomaye barua ya shule, barua ya mwenye nyumba na karatasi ya umeme. Anajua habari za fedha kabla ya baba yake. Mzazi akitaka kumwonya, mtoto anajua namba ya kuita polisi. Wazee wanaona heshima imepinduliwa. Vijana nao wanasema wamebebeshwa mzigo wa watu wazima, kisha wanaambiwa wao ni watoto. Nionavyo mimi, wote wawili wanasema kweli.

Wengine huchoka, wakampeleka kijana Nairobi au Somalia ili “arudishwe katika mila”. Wapo vijana waliofungiwa na kupigwa katika baadhi ya vituo vya namna hiyo. Kijana aliyetendwa hivyo hurudi akiwa na majeraha, wala lugha ya mama yake haizidi kuwa tamu kwake.

Vijana uwanjani

Hata hivyo nilisikia habari za kutia moyo. Mwaka 2015 timu ya mpira ya shule ya sekondari ya Lewiston ilichukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa wakimbizi. Wito wao wa kutiana nguvu ulikuwa “Pamoja ndugu!” Ni Kiswahili, lugha ambayo wengi wao waliipata Kenya. Na mwaka 2019 Safiya Khalid, msichana wa Kisomali wa miaka 23, alichaguliwa kuwa diwani wa mji huo.

Wazee wa Kifaransa wa Lewiston wanaielewa habari hii. Mwaka 1919 sheria ya Maine iliagiza masomo ya shule za serikali yafundishwe kwa Kiingereza. Watoto waliona aibu kusema lugha ya nyumbani, na leo wajukuu wengi hawaijui.

Na sisi je?

Akina mama wenzangu, wakimbizi wa Kongo na Burundi tumewapokea kwetu Kigoma kwa miaka mingi. Anapokuja mama mgeni zahanati au kanisani, tusimwulize tu ametoka nchi gani. Tumwulize anasema lugha gani, na nani angependa amsemee. Tumtafutie mwanamke mzima, na mtoto akacheze nje. Tukianzisha darasa la kusoma, liwe saa ambayo mama ana nafasi, na pawe na mtu wa kumshikia mtoto mchanga.

Tutazame nyumbani mwetu pia. Wako watoto wanaosoma shule za Kiingereza ambao hawawezi kuzungumza na bibi yao kijijini pasipo mkalimani. Likizo ijayo mpeleke mtoto akakae kwa bibi majuma mawili, achote maji naye, na ajifunze kuyaita kwa jina ambalo bibi anayaita.