Mchanga na Maji Matamu

Mtu wa mjini huutazama mchanga kwa jicho la bei. Aonapo fungu lake kando ya barabara huuliza lori moja ni kiasi gani, wala haulizi mchanga huo umetoka wapi, na huko ulikotoka ulikuwa ukifanya kazi gani. Nami nilikuwa mtu wa namna hiyo hadi mwezi wa Juni mwaka 2017, nilipotoka kwangu Mbagala kwenda kumwamkia mjomba wangu katika pwani ya Kigamboni, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke.

Sikwenda kwa mapenzi matupu. Mfukoni nilichukua karatasi ya dalali mmoja aliyetaka kulinunua tuta la mchanga lililo mbele ya shamba la mjomba, na katika bei yake mlikuwa na fungu langu. Nyumba yangu ilikuwa imesimama kuta, ikangojea paa.

Nilishuka Gezaulole, kijiji ambacho jina lake kwa Kizaramo maana yake ni “jaribu uone”. Mjomba alinipokea barazani.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Umekuja na neno, naliona usoni. Basi lilaze kwanza. Kesho alfajiri tutembee mimi na wewe mpaka Ras Kutani, kisha utalisema.”

Tukaondoka kabla ya jua kuchomoza, tukafuata pwani kwenda kusini. Upepo wa kusi ulitupiga usoni, na mchanga ukatiririka juu ya matuta kama moshi. Palipokuwa na mivinje tulipumzika, na pasipokuwa na kitu tulizama mpaka vifundoni. Hakuna safari inayomfundisha mtu udogo wake kama safari ya mchangani: alama za nyayo zake hufutwa kabla hajafika mbali.

Adhuhuri maji yetu yalikwisha. Mjomba akaniongoza nyuma ya tuta moja, akapiga magoti, akachimba kwa kifuu cha nazi. Shimo lilipofika kina cha mkono, maji yakachuruzika, machafu kwanza, kisha yakatulia. Nikayanywa. Yalikuwa matamu, na bahari tuliisikia ikinguruma upande wa pili, hatua chache tu!

Wataalamu wameieleza siri hii. Mchanga huinywa mvua na kuihifadhi, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake chini ya ardhi. Kwa makadirio, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita 40 hivi nyingine chini yake. Basi apunguzaye kidogo juu hupoteza kingi chini. Ndiyo maana visima vya Lamu vimeishi karne nyingi kwa kutegemea matuta ya mchanga ya Shela.

Mbele kidogo tulifika mahali ambapo tuta lilikuwa limechukuliwa kwa malori. Mjomba akachimba tena kwa kifuu kile kile, akanipa nionje. Nikatema. Karibu na hapo palikuwa na kisima kilichofunikwa makuti, na makuti yenyewe yameoza. Mjomba hakusema neno.

Alasiri tuliiona Ras Kutani. Ziwa dogo la maji matamu limelala kimya chini ya miti, na ukingo wa mchanga unalitenga na Bahari ya Hindi. Huko Brazil yako matuta makubwa yaitwayo Lençóis Maranhenses, ambayo mvua hujaza maziwa katikati yake, na nchi hiyo imeyalinda kwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1981. Letu ni dogo, lakini hekima iliyoliumba ni ile ile.

Nilipokaa juu ya ukingo ule nilizikumbuka kuta zangu. Mchanga wake niliununua kwa lori lililopakia katika kijito kimoja cha Kinondoni. Vijito vya huko, kama vile Tegeta na Mbezi, vilikuwa vikiupeleka mchanga baharini ili kuilisha pwani. Watu walipouchimba kwa ajili ya majengo, hiyo ikawa sababu mojawapo ya bahari kuila ardhi ya Kunduchi. Naam, nilikuwa nimekwisha jenga kwa pwani ya watu wengine, na sasa nilitaka kuezeka kwa kisima cha mjomba wangu.

Usiku, tulipokwisha kula, mjomba aliniuliza, “Haya, neno lako ni lipi?”

“Sina neno, mjomba.”

“Jana ulikuwa nalo.”

“Nilikuwa nalo.”

Akacheka kidogo, akanipa maji ya kunywa.

Msomaji asidhani kwamba wema huu haukunigharimu. Kwa masika mawili nyumba yangu ilikaa na chumba kimoja wazi, na watoto walilala wamebanana. Siku moja mvua ilipotunyeshea ndani, mke wangu aliniuliza kwa uchungu lilipo paa nililomwahidi. Nilimjibu kwamba liko Gezaulole, limeizuia bahari. Hakuridhika, wala simlaumu. Lakini mwaka uliofuata tulikwenda naye, akanywa maji ya kisima kile, naye hakuniuliza tena.