Vidoa Vyeupe vya Nyonga

Joto la Maskati likipamba moto, mkojo huwa mzito, na vijiwe vya figo ni maradhi ya Ghuba nzima. Wazee wetu wa mtaa wa Hail waliorudi kutoka Unguja na Bara baada ya 1970 walivijua vyema. Nilipokuwa mpiga picha za eksirei, wengi niliowalaza mezani walikuwa wao, wameshika kiuno, na swali lao moja: "Mwanangu, ni jiwe hilo?"

Tabu ni kwamba nyonga za watu wazima wengi zina vidoa vyeupe visivyohusiana na mkojo. Damu ipitayo polepole kwenye vena huganda kidogo, ikashika ukutani, chokaa ikajipanga tabaka juu ya tabaka kama lulu. Madaktari huviita fleboliti. Kwa kawaida havizidi milimita 5, havimuumi mtu, wala havitaki dawa.

Enzi za filamu tulitundika picha kwenye sanduku la taa, daktari akainama. Kidoa cha duara, chenye kiini hafifu, kilichokaa chini kabisa pembeni: hiyo fleboliti. Lakini mrija wa mkojo hauonekani kwenye picha ya kawaida, kwa hiyo penye shaka tulidunga dawa ya ayodini, tukapiga picha baada ya picha, na mgonjwa anagumia. Nilizichukia dakika zile.

Mwaka 1995 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kuwa sitiskani (CT scan) isiyo na dawa hukitambua kijiwe vizuri zaidi. Ilipotufikia, tukaweza kuufuata mrija kipande kwa kipande, toka figoni hadi kibofuni. Kijiwe kilichokwama huzungukwa na pete ya ukuta uliovimba. Fleboliti pengine huwa na mkia, ambao ni vena yenyewe. Na kile kiini hafifu tulichokitegemea, kwenye sitiskani mara nyingi hakionekani! Tukajifunza upya.

Siku hizi majirani hunijia na ripoti kwenye simu. "Bibi, hii fleboliti ndiyo saratani?" Siyo, wala si ile damu iliyoganda inayokimbilia mapafuni. Natamani ripoti zenyewe ziandike hivyo: haina madhara. Ila vidoa hivyo vikionekana shavuni au ndani ya msuli wa mtoto, namhimiza mama amrudie daktari, kwani huenda pana mishipa ya damu iliyoumbika vibaya tangu kuzaliwa.