Haba na Haba ya Maneno

Mwanafunzi wa Kiingereza aghalabu haiogopi lugha yenyewe. Huogopa kalamu nyekundu. Huandika sentensi moja, akaifuta, akaandika nyingine, hata kengele ikalia ukurasa ungali mtupu.

Mwaka 1999, katika eneo la San Francisco, Marekani, Chris Baty na marafiki zake, jumla yao watu 21, walijiwekea shindano la ajabu: kuandika riwaya ya maneno 50,000 kwa mwezi mmoja. Shindano hilo, NaNoWriMo, baadaye lilihamia Novemba, likapata tovuti na mpango maalumu wa shule. Humo mwanafunzi alijichagulia mwenyewe idadi ya maneno, na tovuti ikamwonyesha alikofika. Hapakuwa na bingwa mmoja; kila aliyetimiza lengo lake alishinda. Makosa ya sarufi yalisubiri zamu yake.

Wapo waliouliza, na swali lao lina uzito: je, wingi wa maneno ndio umilisi wa lugha? La hasha. Lakini ni mwalimu gani awezaye kusahihisha ukurasa mtupu?

Machi 2025 shirika lililoliendesha shindano hilo lilitangaza kuwa linafungwa. Chombo kimezama, lakini bahari ingalipo. Mwalimu mwenye madaftari na mwezi mmoja bado anaweza kuwaandikisha wanafunzi wake, iwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Wahenga hawakuhitaji tarakilishi kung'amua kwamba haba na haba hujaza kibaba.