Chakula cha Wafiwa

Utotoni mwangu, mtaani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, maiti akishazikwa tu masufuria hubandikwa nyuma ya nyumba yake, na kwa siku tatu watu hula hapo. Siku ya tatu hitima, kisha pilau, ndipo matanga yaanuliwe.

Mlipaji alikuwa mfiwa. Jirani yetu alifiwa na mume, akabaki na watoto wadogo. Shemeji zake wakamchukulia dukani mchele na samli kwa mkopo, ati wasiaibike. Deni hilo alililipa kwa kukaanga mahamri kila alfajiri, na wanunuzi tulikuwa sisi sisi tuliokula pilau yake.

Madrasa tulisomeshwa kinyume. Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamrisha jamaa za Jaafar wapikiwe, kwani msiba umewashughulisha. Mali ya maiti nayo ina utaratibu wake: mazishi, madeni, wasia usiozidi thuluthi, kisha warithi. Fungu la pilau halimo. Mtoto mdogo hawezi kuridhia haki yake iliwe, na aya ya 10 ya Sura An-Nisaa inawaonya kwa moto wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma. Aya hiyo ilisomwa kwenye kila hitima, maana juzuu zote 30 hugawiwa wasomaji, kisha masinia yakaletwa.

Masheikh hawakunyamaza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 akikemea bid'a, yaani uzushi katika dini. Baadaye Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya, naye akaandika dhidi yake. Lakini mtaani wanaume walishikilia kubishana kama thawabu za kisomo humfikia maiti, na deni la dukani likaendelea kumwandama mjane. Hilo ndilo linaloniuma.

Mambo yaligeuzwa na wanawake, polepole. Tuliunda chama, tukanunua masufuria na majamvi ya mtaa. Sasa pakitokea msiba, chai na mikate humfikia mfiwa kabla hajauliza, na wali hupikwa kwa jirani. Mjane hashiki mwiko. Mzee mmoja alilalamika kwamba matanga yamepwaya, mama mmoja akamjibu, "Baba, pilau ukiitaka, kwako kuna jiko."

Imebaki arobaini, shughuli ya siku ya arobaini baada ya kifo. Hema hukodiwa, viti, maji ya chupa, na familia hukopa upya. Juzi kwenye kikao cha chama dada mmoja alitoa hoja kwamba mali ya marehemu isiguswe kwa arobaini kabla mirathi haijagawanywa. Wengi walipinga. Mimi nilimuunga mkono, na kikao kijacho tutaileta tena.